Hotuba ya Kibera

Katika vyuo vya ualimu tuliwafundisha wanachuo kwamba hotuba haipimwi kwa makofi, hupimwa kwa hoja zake. Kwa kipimo hicho naomba msomaji tuitazame hotuba aliyoitoa Raila Odinga, wakati huo Waziri Mkuu wa Kenya, huko Kibera tarehe 28 Novemba 2010. Naitazama kwa uchungu, maana nilikuwa mfuasi wake. Kura ya Kenya sikuwa nayo, lakini hapa Ikuti nilimfuata redioni miaka mingi.

Sababu za kumpenda hazikuwa ndogo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 alishtakiwa kwa uhaini, mashtaka yakafutwa, naye akawekwa kizuizini bila hukumu ya mahakama yoyote. Mama yake alifariki mwaka 1984 yeye akiwa ndani. Aliachiwa Februari 1988, akakamatwa tena mwaka huohuo, na tena mwaka 1990. Mtu wa namna hiyo alipopigania Katiba mpya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, nilisema huyu anajua maana ya haki.

Miezi mitatu baadaye, kwa mujibu wa vyombo vya habari, aliuambia umati wa Kibera kwamba mashoga na wasagaji wakipatikana wakamatwe.

Tuzipime hoja. Ya kwanza ilikuwa sensa: kwamba wanawake ni wengi kuliko wanaume, basi hakuna haja ya watu wa jinsia moja kupendana. Ni kweli, sensa ya 2009 ilionyesha wanawake 19,417,639 na wanaume 19,192,458. Tofauti ni 225,181. Lakini hesabu ya watu haimwambii mtu ampende nani. Mwanachuo angeniletea jibu hilo ningelipiga mkasi.

Ya pili ilikuwa Katiba. Ibara ya 45 inampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Haisemi mwingine akamatwe. Kukamata kunatoka katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, urithi wa mkoloni Mwingereza. Ibara ya 28 ya Katiba hiyohiyo inasema kila mtu ana utu unaostahili kuheshimiwa. Hiyo hakuitaja.

Watetezi wake husema siasa ni hesabu. Wapinzani wa Katiba walikuwa wamewatisha wananchi kwamba italeta ndoa za jinsia moja, hivyo ilibidi awatulize. Lakini kura ya maoni ilikwisha kupita tarehe 4 Agosti, kwa kura kama 67 kwa kila 100. Na kama alikuwa anautazama uchaguzi uliofuata, wa Machi 2013, huo alitangazwa kuwa ameshindwa. Aliowatoa sadaka hawakumnunulia kitu.

Wala maneno yale hayakuanguka mahali pakavu. Februari mwaka huohuo, Mtwapa, uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili ulitosha kukusanya umati ukawashambulia watu. Kiongozi anapotamka "wakamatwe" baada ya hayo, umati husikia ruhusa. Nasi Watanzania tusicheke jirani. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza msako wa mashoga. Serikali ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi, lakini waliokwisha kujificha hawakuweza kutoka kwa sababu ya tamko.

Najua majirani zangu wengi wana msimamo wao katika jambo hili, na wanautoa katika Biblia. Siwadai wauache. Mtu anaweza kuliona jambo kuwa dhambi bila kumwita polisi. Mimi nadai usawa mbele ya sheria kwa kila raia, hata yule ambaye mtaa mzima haumpendi. Raila angeweza kusema hivyo. Angeweza hata kunyamaza, nasi tungemwelewa.

Alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, nami niliomboleza, maana mema yake ni mengi. Lakini aliyejua kizuizi kuliko sisi sote alitakiwa kuwa wa mwisho kusema watu wakamatwe kwa jinsi walivyo.