Cheti cha Kampuni na Mkono wa Mwenye Mali

Katika darasa letu la itikadi hapa Nyashimo, ndugu mmoja alidai kwamba mahali pa kuandikisha kampuni ni suala la makaratasi tu. Hoja hiyo ina kasoro. Mgodi wa Bulyanhulu uliendeshwa na kampuni tanzu ya hapa nchini, lakini kampuni mama, Acacia, iliandikishwa Uingereza na hisa zake kuuzwa London. Mwaka 2017 tulipiga kelele, nami nikiwamo, kwamba Acacia haikuandikishwa Tanzania. Hatukuuliza kwa nini. Mabepari hawakusahau, walichagua mahali ambako gawio na maamuzi yangekuwa mbali na wazalishaji. Twiga, iliyoundwa baada ya mapatano ya 2019, imeandikishwa hapa. Serikali ina asilimia 16 ya hisa, Barrick 84. Cheti kimerudi nyumbani; kura nyingi bado ziko Kanada.