Kutoka Lola rennt hadi Soul Boy: Suala la Lugha katika Kazi za Tom Tykwer

Tom Tykwer, mwandishi wa skripti na mwongozaji wa filamu aliyezaliwa Wuppertal mwaka 1965, hufahamika zaidi kwa Lola rennt (1998). Humo msichana ana dakika 20 za kupata mark 100,000 ili amwokoe mpenzi wake, na mbio zake husimuliwa mara tatu zenye miisho tofauti. Maneno ni machache. Usimulizi hubebwa na mapigo ya muziki, ambao Tykwer mwenyewe alishiriki kuutunga.

Uchache huo ulimrahisishia kuhama lugha, lakini si bila hasara. Perfume (2006), iliyotokana na riwaya ya Kijerumani na yenye mandhari ya Ufaransa ya karne ya 18, inazungumza Kiingereza. Wauza manukato wa Paris wanasikika kama waigizaji wa jukwaa la London, na kazi yote ya kuifikisha harufu kwa mtazamaji inaachiwa picha.

Soul Boy (2010) ilifuata njia nyingine. Tykwer alikuwa msimamizi. Aliyeongoza ni Hawa Essuman, skripti ikiwa ya Billy Kahora na mandhari yakiwa Kibera. Abila, mvulana anayetaka kuirejesha roho ya baba yake, anapewa mitihani saba na Nyawawa. Ni rahisi kumwona Lola nyuma yake. Hata hivyo, Lola hurudishwa mwanzo anaposhindwa, ilhali Abila hana fursa hiyo, na mji anaoupita unamjibu kwa Kiswahili chake.

Katika Nairobi Half Life (2012) ya David 'Tosh' Gitonga, ambayo Tykwer alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, jambo hili linakomaa. Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza vinaonyesha mahali alipo Mwas: kijijini, gengeni au jukwaani. Anayetegemea tafsiri za chini ya skrini pekee (na ndivyo walivyo watazamaji wengi wa ng'ambo) hawezi kuusikia mpaka huo ukivukwa. Kenya iliichagua filamu hiyo kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Filamu zote mbili, lakini, zilizaliwa katika warsha zilizotegemea ufadhili wa Ujerumani. Uhuru wa lugha uliomo ulikuwa uamuzi wa kisanaa wa wahusika wachache. Haukulindwa na sera yoyote ya lugha ya kanda hii, na mfadhili mwingine angeweza kudai Kiingereza.