KIREJESHI "-JI-" KATIKA MATANGAZO YA WANAMUZIKI

Wanafunzi wetu wa sarufi wanafahamu kwamba kirejeshi "-ji-" humrudishia mtendaji tendo lake. Kudhihaki ni kumcheka mwingine. Kujidhihaki ni kujicheka mwenyewe. Katika makala haya tunadai kuwa kiambishi hicho ndicho kipimo cha dhihaka wanayoitumia wanamuziki kujitangaza.

Kwa kawaida tangazo la mwanamuziki ni majigambo. Wakongomani wa Rubondo wanaijua vizuri desturi ya "libanga", neno la Kilingala lenye maana ya jiwe: mwimbaji hulipwa ili alirushe jina la tajiri ndani ya wimbo. Jina hilo hutajwa kwa sifa tupu.

Wapo nyota waliofuata njia nyingine. Jua Cali wa Nairobi aliunganisha mtaa wa California na jua kali, yaani kazi za mafundi wasio na paa. Bobi Wine, kutoka Kamwokya, alijipa urais wa geto, cheo kikubwa mahali panapodharauliwa. Mwaka 2017 aliingia Bungeni na mwaka 2021 akagombea urais wenyewe. Harmonize, Mmakonde wa Mtwara, alijiita Konde Boy, na alipoachana na WCB mwaka 2019 akaanzisha Konde Music Worldwide.

Kisanaa mbinu hii ina nguvu. Anayedharauliwa huwahi kulitamka neno la dharau, na mwenye kudharau hubaki hana la kusema. Hata hivyo, tunauliza: neno hilo limepoteza makali kwa nani? Konde Boy akipanda jukwaani hushangiliwa. Mlinzi Mmakonde akiitwa "Konde" getini na mtu asiyejali jina lake halisi, hajichekeshi, anachekwa. "-Ji-" imeondoka, imebaki dhihaka. Kwa maoni yetu jina la Jua Cali limefaulu zaidi, kwa sababu linataja kazi ya watu wengi wala halimwachii mtu mwingine tusi la kabila.

Suala hili linatugusa huku Nakivale. Tuseme kijana wa Rubondo anajiita "Mkimbizi" kwenye bango la onyesho lake. Watazamaji wake wanaishi na neno hilo kila siku, hivyo kicheko ni cha wote. Bango lilelile likibandikwa Mbarara na mwenye ukumbi anayekusanya viingilio, wanaocheka ni wengine na anayefaidika ni mwingine. Herufi hazijabadilika hata moja, lakini kijana huyo sasa anadhihakiwa kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa hiyo mhakiki asiishie kusifu ucheshi wa jina. Achunguze nani alilibeba neno hilo kabla ya wimbo, na nani atarudi nalo nyumbani baada ya onyesho. Tunawaomba wanafunzi wetu wakusanye majina ya kisanii kutoka kwenye mabango ya Rubondo na Mbarara, wakiandika pia ni nani aliyelipia kila bango.