“Mstari Mnene”: Istilahi Inayopotosha

Mfasiri wa vitabu vya uchoraji kwa kompyuta anapotakiwa kutaja mstari uliopewa upana, neno linalomjia upesi ni “mstari mnene”. Neno hili laeleweka kwa urahisi, lakini lina kasoro: kivumishi “mnene” humfanya mwanafunzi aamini kwamba umbo limebaki lile lile, ila limeongezewa upana tu.

Kwa mstari ulionyooka na kwa duara imani hiyo haina madhara. Duara lenye nusu kipenyo cha 50, likichorwa kwa upana wa 20, hupata kingo mbili ambazo nazo ni maduara, moja la 60 na jingine la 40. Duaradufu haifuati kanuni hiyo. Tuseme nusu ya urefu wake ni 100 na nusu ya upana wake ni 50. Adhaniaye kwamba kingo zake nazo ni duaradufu atachora moja ya 110 kwa 60 na nyingine ya 90 kwa 40, kisha atajaza rangi katikati. Kwenye ncha nne unene utakuwa 20 barabara. Baina ya ncha hizo utapungua hadi chini kidogo ya 19. Aidha, unene ukizidi 50, ukingo wa ndani hujikata wenyewe penye ncha kali, kwa kuwa hapo nusu kipenyo cha mpindo ni 25 tu.

Mistari ya Bézier, itumikayo kuchorea herufi, ina tabia hiyo hiyo: kwa kawaida kingo zake si mistari ya Bézier, na programu hulazimika kuzikadiria kwa vipande vifupi. Mwanafunzi asiyelijua hilo hulaumu mashine, ilhali kosa lilianzia katika istilahi.

Yafaa basi vitu viwili vipewe majina mawili. Lugha ya PostScript hutenganisha kuieleza njia na kuipaka rangi. Nasi tungeweza kuuita mstari wa kati usio na upana “uti”, na eneo lipakwalo rangi “utepe”. Utepe una upana na kingo mbili, na kila Mswahili anajua kwamba ukipindwa, ukingo wa nje na wa ndani havilingani. Huenda walimu wakaona kwamba maneno mawili ni mzigo. Lakini neno moja lifichalo kosa ni mzigo mkubwa zaidi.