Sauti ya Kale, Uamuzi wa Leo

Emma Kirkby hakupanga kuishi kwa kuimba. Alisoma Kilatini na Kigiriki cha kale Oxford, akawa mwalimu wa shule. Kisha zikaja rekodi: Messiah ya Handel mwaka 1980, nyimbo za Hildegard wa Bingen, mtawa wa karne ya 12, na za John Dowland, zinazosindikizwa na luti, ala iliyotokana na udi.

Wapenzi wake husema hivi ndivyo watu wa kale walivyoimba. Sikubali. Hakuna aliyerekodi sauti mwaka 1600. Vitabu vya zamani vinatupa dalili tu. Ile sauti nyembamba, yenye mtetemo mdogo mno, ni uamuzi wa karne ya 20, na inapobaki ileile kwa Hildegard na kwa Handel, tunaweza kudhani zama zao zilifanana.

Hata hivyo namrudia. Katika Dowland kila neno linafika zima, kama mwalimu anayesoma shairi na hataki aliyeketi nyuma apitwe. Kwa hilo namsikiliza, hata kama Dowland mwenyewe asingeitambua sauti hiyo.