Kuandika Machungu Mbele ya Wengine

Wako wasemao kwamba andiko la mtu anayejipoza moyo si kazi ya mhakiki. Ni kama chozi, wasema, na chozi halina mizani. Kauli hiyo ina sura ya huruma, lakini mimi siikubali.

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, wataalamu wa saikolojia, walichapisha habari za jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas. Kila mmoja aliandika peke yake kwa dakika 15, siku 4 mfululizo: wengine mambo ya juujuu, wengine msiba mkubwa wa maisha yao. Walioandika tukio pamoja na hisia zao waliondoka wakiwa na huzuni zaidi, ila katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Majaribio mengi yamefuata, na faida iliyoonekana kwa jumla ni ndogo. Wauzao daftari za tiba hawana haraka ya kulitaja hilo.

Lililonivuta mimi ni jingine. Katika miaka ya 1990 Pennebaker na wenzake waliyahesabu maneno ya maandiko ya namna hiyo. Waliopata nafuu zaidi hawakuwa wale waliomwaga uchungu mwingi kuliko wote. Walikuwa wale ambao, toka siku ya kwanza hata ya mwisho, maneno ya kutafuta sababu na ya kuelewa yalizidi katika maandiko yao. Yaani kilio kilikuwa kikigeuka kisa. Na kisa kina kiungo baina ya tukio na tukio, tena kina mtu asimuliaye. Hapo mhakiki yumo nyumbani mwake.

Lakini wanafunzi wale hawakusomeana. Kundi ni habari nyingine. Ajuaye kwamba atawasomea wenzake huanza kuchagua: hili nitalisema, hili nitalimeza. Pat Schneider wa Amherst, Marekani, aliyefariki mwaka 2020, aliongoza kundi la wanawake wa kipato kidogo waliokaa katika nyumba za umma mjini Chicopee. Desturi zake zimo katika kitabu chake *Writing Alone and With Others* cha mwaka 2003. Kiongozi naye huandika. Asiyetaka kusoma hasomi. Andiko bichi halikosolewi, bali wasikilizaji hutaja lililowakaa moyoni. Na kila kisomwacho huchukuliwa kuwa ni cha kubuni, ila mwandishi mwenyewe akisema vingine.

Desturi hii ya mwisho ndiyo niionayo kuwa na hekima kuliko zote. Anayezungumzwa ni msimulizi, si "wewe". Hapana aulizaye, "Je, mumeo alikupiga kweli?" Mwandishi apata stara, na ndani ya stara aweza kusema kweli. Washairi wetu walilijua hilo. Abdilatif Abdalla, katika *Sauti ya Dhiki* (1973), diwani ya tungo za gerezani nchini Kenya, ana shairi la mamba na shairi la jipu. Dhiki ni yake, tena ni ya nchi; lakini msomaji akabidhiwa mnyama na uvimbe, apime mwenyewe.

Shaka yangu ni juu ya sifa. Kundi likomealo kwenye kusifu hulea mazoea: kila mtu hujua ni machungu gani yaletayo kimya kirefu chumbani, naye huyarudia juma kwa juma, na kisa hakisogei. Schneider hakuukataa uhakiki. Aliuahirisha mpaka andiko limefanyiwa kazi, na mwenyewe ameuomba. Mkono wangu umezoea wino mwekundu, nakiri, na katika kundi kama hilo ningeuacha nyumbani. Swali moja tu ningelibakiza, nimngoje mwandishi arudi na karatasi zake mkononi: yule msimulizi alijua nini siku ile, na sasa ajua nini?