Zulia la Kiajemi Tabora: tulisome na upande wa chini

Kuna sentensi moja ya Henry Morton Stanley ambayo sisi watu wa Tabora tunaipenda kupita kiasi. Imo katika How I Found Livingstone, kitabu kilichotoka 1872. Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871, akawaona Waarabu wakubwa wa hapa, kisha akaorodhesha mali za majumbani mwao: mazulia ya Kiajemi, matandiko ya kifahari, vyombo vya chai na kahawa, vyombo vya shaba vilivyonakshiwa. Hapa Cheyo ukianzisha mazungumzo ya historia, hukosi mtu wa kukukumbusha kwamba mji huu ulikuwa na mazulia ya Uajemi hata kabla ya reli. Na ni kweli. Lakini ni kweli ya aina gani?

Mimi nauliza swali la msomaji tu: katika sentensi hiyo, nani ametajwa na nani ameachwa? Vitu vimetajwa, wenye vitu wametajwa. Basi.

Anayejua mazulia haanzi na rangi za juu. Analipindua. Zulia la Kiajemi hufungwa fundo kwa fundo juu ya nyuzi za mtande, kisha mshindio hupitishwa na kugongwa ukae sawa. Kwa nyuma ndipo unaona mafundo yalivyokaribiana, ndipo unajua kazi ilichukua muda gani. Na kazi hiyo, vijijini na kwa wahamaji wa Uajemi, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake na wasichana. Katika kitabu hawamo.

Halafu kuna njia. Stanley mwenyewe anasema starehe hizo zililetwa kila mwaka kutoka pwani. Kuletwa na nini? Gari hakuna, punda walikuwa wachache na walikufa. Mzigo wa mpagazi ulikaribia ratili 70, yaani frasila mbili, na yeye Stanley alitumia kama miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi hapa. Kwa hiyo kabla zulia halijakanyagwa na mguu wa tajiri, lilikaa kichwani au begani mwa mtu, mara nyingi Mnyamwezi. Kwa haki yake Stanley, habari za wapagazi anazo tele kwingineko kitabuni, ila pale anapotaka kutuonyesha utajiri, wanapotea.

Msomaji atasema: ndiyo maana tumsome Tippu Tip. Sawa, tumsome. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyatoa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ni dawa nzuri ya Stanley. Baba yake aliishi Ituru, karibu na Tabora, akaoa kwa Fundikira. Huyu si mgeni wa kushangaa matandiko. Nyumba haimshughulishi, kinachomshughulisha ni pembe, deni na vita. Nathari yake ni kavu, inakwenda haraka, na ndiyo raha yake. Lakini nayo inahesabu frasila kuliko mabega. Watu wanatekwa na wanakufa katika nusu sentensi, kisha safari inaendelea. Kasi tunayoisifu kama ufundi ndiyo hiyo hiyo inayotupitisha juu ya maiti.

Kilichonisaidia zaidi ni Richard Burton, ingawa dharau zake zinachosha. Alifika Kazeh 1857, na katika kitabu chake cha 1860 ameandika kwamba Unyamwezi kulikuwa na ufumaji wa nguo za pamba. Mnaona? Wakati merikani ikipanda kutoka pwani, imefumwa kwenye viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa, huku kwetu palikuwa na mtande na mshindio wetu. Hilo halitajwi tunapojisifu. Tunajisifu kwa zulia la kununuliwa na kuusahau mkono wa mfumaji wa hapa.

Sisemi tuwafukuze Stanley na Tippu Tip kwenye rafu. Wasomwe, tena pamoja, na mwanafunzi anayepelekwa kwenye nyumba ya makumbusho Kwihara aulizwe swali moja la ziada: hivi vitu nani alivitengeneza, na nani alivibeba? Asiyeuliza atatoka pale akidhani ustaarabu ni fanicha.